SQL Server Express kwa ofisi yenye vituo vya mbali: tathmini kutoka Moshi

Tathmini hii inahusu SQL Server Express, toleo lisilolipiwa la seva ya kanzidata ya Microsoft, inapotumika kutunza data za ofisi ndogo ambayo watumiaji wake wametawanyika mbali na makao makuu. Nasimamia mifumo ya kompyuta katika duka la jumla la pembejeo za kilimo karibu na Soko la Mbuyuni, Moshi. Tuna vituo vya mauzo Same, Mwanga na Mkuu huko Rombo, na mhasibu wetu hufanya sehemu kubwa ya kazi zake akiwa nyumbani kwake Njiro, Arusha. Wote hao husoma na kuandika katika kanzidata moja yenye wateja, mawakala, bei, mizigo inayoingia stoo, ankara na madeni. Kwa muda mrefu kanzidata hiyo ilikuwa faili la Access, programu ya Microsoft ya kutengeneza kanzidata ndogo, lililokaa kwenye kompyuta moja ya ofisini. Maoni yangu yanatokana na kazi ya kulihamishia kwenye seva mpya na kuitumia seva hiyo katika msimu wa masika, ambao kwa biashara yetu ndio mtihani wa kweli wa mfumo wowote.

Nianze na hukumu yangu ili msomaji ajue ninakoelekea. SQL Server Express ni bidhaa nzuri sana kwa ofisi kama yetu, tena ni salama kuliko tulichokuwa nacho. Lakini kuisakinisha tu hakuondoi uzito wa mfumo. Nusu ya nafuu tuliyoipata ilitokana na kuzipanga upya fomu na maswali ya kanzidata, yaani maombi ya kutafuta data, na fundi anayemwambia mteja kwamba ahamishe data kisha kila kitu kitakuwa chepesi chenyewe anamficha sehemu kubwa ya kazi.

Ndani ya ofisi ya Moshi hapakuwa na malalamiko. Kompyuta zote zimeunganishwa kwa waya kwenye swichi moja, na fomu ya ankara ilifunguka papo hapo. Tatizo lilikuwa vituoni, ambako makarani walilifikia faili lilelile kupitia VPN, njia ya faragha ya kuunganisha kompyuta kupitia intaneti. Karani wa Same alipoandika herufi ya kwanza ya jina la mteja, kile kiduara cha kusubiri kilianza kuzunguka na kuendelea kuzunguka. Alipochagua bidhaa, kikarudi tena. Alipohifadhi, kikarudi kwa mara nyingine. Mwezi Machi, watu wanapofuata mbegu na mbolea kwa pamoja, jambo hili halivumiliki. Simu niliyoizoea ilikuwa ya namna hii: "Kaka, mfumo umeganda tena, na mzee wa watu ana bodaboda inamsubiri nje na mifuko imeshapakiwa." Karani huyo aliishia kuandika mauzo kwenye daftari na kuyaingiza jioni, na hapo ndipo salio la stoo lililoonekana Moshi lilipoacha kulingana na mifuko iliyokuwapo Same.

Chanzo cha uzito huu kinafaa kuelezwa kwa utulivu, kwa sababu wengi hukimbilia kuilaumu laini ya intaneti. Access, ambayo ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1992, haina seva ya kuijibu. Faili limekaa tu kwenye folda ya pamoja, na kila kompyuta ya mtumiaji hulisoma yenyewe, kipande kwa kipande, kila kipande kikiwa na ukubwa wa kilobaiti 4. Karani akitaka salio la mteja mmoja, ni kompyuta yake iliyoko Same inayofungua orodha, kutafuta ukurasa, kuomba ukurasa unaofuata na kukagua kama kuna mwenzake aliyeufunga. Ni sawa na kumtuma mtu kutoka Same aje Moshi kuchukua karatasi moja ya leja, airudishe, kisha atumwe tena kuchukua inayofuata, badala ya kumpigia simu mtunza leja akusomee jibu.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme kufungua fomu moja kunahitaji maombi 500 ya kwenda na kurudi. Ndani ya ofisi, ambako kila ombi hurudi ndani ya milisekunde 1 hivi, kazi yote inakwisha kwa nusu sekunde na mtumiaji hahisi chochote. Mahali ambapo ombi moja huchukua milisekunde 60 kwenda na kurudi, maombi hayohayo 500 yanachukua sekunde 30. Kuongeza upana wa laini hakupunguzi hata safari moja kati ya hizo, wala hakufupishi njia. Kampuni moja ya intaneti ilitushauri tulipie kifurushi kikubwa zaidi ofisini. Tulilipia, video za mafunzo zikafunguka vizuri, lakini fomu ya ankara kule Same ilibaki vilevile. Kabla ya kutoa fedha kwa ajili ya kasi, mtu afungue dirisha la amri kituoni, aandike ping na anwani ya kompyuta ya ofisi kwenye VPN, kisha asome milisekunde zinazorudi. Namba hiyo inaeleza habari ya kanzidata yake vizuri zaidi kuliko tangazo lolote la megabiti.

Kuna matengenezo ya Access yenyewe ambayo hayagharimu chochote, na nashauri yafanywe kwanza, hata na mwenye nia ya kuhamia seva, kwa kuwa hakuna hata moja litakalopotea bure. La kwanza ni kuligawa faili mara mbili: majedwali yabaki kwenye kompyuta ya ofisi, na fomu, ripoti na maswali yakae kwenye faili jingine ambalo kila mtumiaji ana nakala yake ndani ya kompyuta yake. Nimeona ofisi kadhaa hapa Moshi na Arusha ambamo watu wote hufungua faili moja lenye kila kitu kutoka kwenye folda ya pamoja. Hapo hata picha ya nembo ya kampuni iliyoko juu ya fomu husafiri kwenye mtandao kila fomu inapofunguliwa.

La pili ni lile faili dogo la kufunga, lenye kiishio cha laccdb, ambalo Access huliunda kando ya kanzidata mtu anapoingia na kulifuta wa mwisho anapotoka. Programu isiposhikilia jedwali lolote wazi, faili hilo huweza kuundwa na kufutwa tena na tena katika kazi moja tu, na kila mara ni safari nyingine za mtandao. Dawa yake ni kulifungua jedwali moja dogo mara programu inapoanza na kuliacha wazi hadi mtumiaji atakapofunga. Ni mistari michache ya msimbo, na vituoni tofauti yake inaonekana siku hiyohiyo. Baada ya hapo, zima ile sehemu ya majedwali inayoitwa Subdatasheet Name kwa kuibadilisha kutoka Auto kwenda None, zima pia Name AutoCorrect, weka indeksi, yaani faharasa ya kutafutia haraka, kwenye kila safuwima inayotumika kutafutia au kuunganishia majedwali, na ulibane faili mara kwa mara wakati hakuna mtu aliyemo ndani.

Matengenezo hayo yalitupa nafuu ya kuonekana, lakini hayakugusa jambo lililokuwa likininyima usingizi zaidi. Mawasiliano yakikatika wakati kompyuta ya mbali iko katikati ya kuandika, faili la Access linaweza kuharibika, na likiharibika halimuumizi aliyekatikiwa peke yake, bali linawafungia kazi wote. Vituo vyetu hutumia intaneti ya simu, ambayo hukatika. Umeme nao hukatika. Mtu mwenye madeni ya mawakala ndani ya faili la namna hiyo hapaswi kustarehe. Microsoft wenyewe hawapendekezi faili la Access litumike na watu walio mbali kupitia mtandao wa masafa marefu, na sababu hii ina uzito kuliko ile ya mwendo.

Niingize hapa onyo moja, maana nimeulizwa habari zake mara nyingi. Kuliweka faili la Access ndani ya folda ya OneDrive, Dropbox au Google Drive ili kila mtu apate nakala yake si suluhisho la watumiaji wengi. Huduma hizo hunakili faili zima. Hazijui habari za safu moja moja ndani yake. Watu wawili wakiandika kwa wakati mmoja, huzaliwa mafaili mawili yanayopingana, na ankara za mmoja wao hubaki kwenye nakala ambayo hakuna atakayeifungua tena.

Sasa nije kwenye bidhaa yenyewe. SQL Server Express hufanya kile ambacho Access haiwezi: inapokea swali, inalitafutia jibu palepale data zilipo, na kurudisha jibu tu. Toleo la 2022, ambalo ndilo tunalotumia, lina mipaka mitatu inayostahili kujulikana. Kila kanzidata inaweza kufika gigabaiti 10, kumbukumbu inayotumika kushikilia kurasa za data haizidi megabaiti 1,410, na prosesa itakayotumika ni soketi moja au kori nne, kutegemea ipi ni ndogo. Faili la Access lina kikomo cha gigabaiti 2. Kwa duka la pembejeo, hata lenye historia ndefu ya ankara, gigabaiti 10 ni nafasi pana, ilimradi picha na hati zilizoskaniwa zisiwekwe ndani ya majedwali. Hizo zikae kwenye folda na kanzidata ibaki na njia ya kuzifikia.

Kuisakinisha si kazi ngumu, ila kuna mlango mmoja unaowachosha wengi. Express huja ikiwa imefungiwa mawasiliano ya TCP/IP, yaani ya kupitia mtandao, kwa hiyo kompyuta nyingine haiwezi kuifikia mpaka uingie kwenye SQL Server Configuration Manager, uyawashe, uipangie tundu maalumu la mawasiliano, kwa kawaida 1433, na kuianzisha huduma upya. Tundu hilo liruhusiwe kwa anwani za VPN peke yake. Kuliacha wazi kwa intaneti nzima ni kukaribisha programu za kubahatisha nywila, ambazo hupita usiku na mchana zikitafuta milango ya namna hiyo. Sisi tulitumia WireGuard kwa VPN, na imetufaa kwa sababu ni nyepesi na inarudi yenyewe baada ya laini kukatika, bila karani kubofya chochote.

Kwa kuhamisha majedwali, Microsoft hutoa bure zana iitwayo SQL Server Migration Assistant. Inafanya kazi ya kuridhisha, lakini matokeo yake yakaguliwe jedwali kwa jedwali. Kila jedwali lazima liwe na ufunguo msingi, yaani safuwima inayoitambulisha kila safu kipekee, la sivyo Access italionyesha bila kuruhusu kulihariri. Safuwima za ndiyo na hapana zipewe thamani ya kuanzia, kwa sababu zikiachwa tupu Access hutoa ujumbe kwamba mtu mwingine amebadilisha rekodi wakati hakuna aliyeigusa. Sisi tulikutana nao kwenye safuwima ya "imelipwa" na makarani walichanganyikiwa kweli. Kuongeza safuwima ya aina ya rowversion, ambayo seva huibadilisha kila rekodi inapohaririwa, kwenye majedwali yanayohaririwa sana huondoa sehemu kubwa ya usumbufu huo, kwani Access hulinganisha thamani hiyo moja badala ya kulinganisha safuwima zote. Jambo jingine linalogusa makarani moja kwa moja ni namba za ankara zinazojijaza zenyewe. Access huitoa namba mara tu mtu anapoanza kuandika, ilhali SQL Server huitoa rekodi inapohifadhiwa. Tulilazimika kuibadilisha fomu ili namba isitafutwe kabla ya kuhifadhi, na kuwaeleza makarani kwamba nafasi tupu wanayoiona si hitilafu.

Kompyuta za vituoni zinahitaji draiva ya ODBC, programu inayoiunganisha Access na seva, na iwe ya biti zilezile za Office iliyomo, 32 au 64. Toleo la 18 la draiva hiyo hudai mawasiliano yafichwe kwa usimbaji na hukataa cheti cha utambulisho wa seva isichokiamini, hivyo unapoihitaji panga suala la cheti mapema, usingoje hadi uwe mbele ya karani wa Rombo na foleni ya wateja.

Siku ya kwanza baada ya kuhama, mfumo kule Same haukuwa mwepesi kama watu walivyotarajia, na hapa ndipo kiini cha tathmini yangu kilipo. Fomu zetu zilikuwa zimejengwa kwa mazoea ya faili la ndani. Fomu ya wateja ilifunguka ikiwa na wateja wote, ingawa karani alimtaka mmoja. Kisanduku cha kuchagua mteja kilivuta orodha nzima ya majina, pamoja na mawakala wa Hai na Siha ambao kituo cha Same hakiwauzii kabisa. Chini ya fomu kulikuwa na masanduku ya jumla, kila moja likifanya hesabu yake kivyake kwa DSum, fomula ya Access ya kujumlisha, kwa hiyo kila ukihama kutoka mteja mmoja kwenda mwingine, maswali kadhaa yalikwenda Moshi na kurudi kwa zamu. Seva ilikuwa ikijibu haraka. Ni sisi tuliokuwa tukiiuliza mambo mengi mno.

Kazi iliyofuata ndiyo iliyoleta sura mpya. Fomu ya wateja sasa hufunguka ikiwa tupu, na karani huandika sehemu ya jina au namba ya simu kabla ya kitu chochote kuvutwa. Kisanduku cha kuchagua husubiri herufi tatu ndipo kilete majina, na huleta ya kituo husika tu. Orodha zisizobadilika mara kwa mara, kama aina za bidhaa, vipimo vya ujazo na majina ya kata, hunakiliwa kwenye kompyuta ya kituo asubuhi programu inapofunguliwa, na hazisafiri tena siku nzima. Jumla za deni tulizihamishia kwenye mwono, yaani swali lililohifadhiwa, uliojengwa ndani ya seva, ili swali moja lirudishe salio, ankara ya mwisho na kiwango cha mkopo kwa pamoja. Ripoti nzito za mwezi tulizigeuza kuwa maswali yanayopelekwa moja kwa moja kwa seva yakiwa katika lugha ya seva, kwa kuwa Access ikikutana na fomula ya VBA, lugha ya programu ya Access, ambayo seva haiifahamu, huzivuta safu zote na kuzichuja yenyewe kwenye kompyuta ya mtumiaji. Jambo hilo la mwisho ni gumu kuliona kwa macho. Swali linaonekana ni lilelile, linatoa majibu yaleyale, kumbe linabeba jedwali zima kutoka Moshi hadi Mwanga kwa sababu ya neno moja katika masharti yake.

Baada ya hapo ankara kule Same ilifunguka bila karani kusubiri, na daftari la mauzo likarudi kwenye droo. Uwiano wa stoo, ambao kwangu ni muhimu kuliko sekunde, ulirejea: mfuko ukiuzwa Mkuu, Moshi inaona umepungua kabla mteja hajaondoka, na risiti ya mashine ya EFD inatoka ikiwa na kiasi kilekile kilichomo kwenye ankara. Umeme ukikatika ofisini wakati muamala uko katikati, seva inapowaka tena husoma kumbukumbu yake ya miamala, huendeleza iliyokamilika na kuifuta ile iliyoishia njiani. Tumepitia hali hiyo, na hakuna ankara iliyobaki nusu. Hata hivyo, seva inahitaji UPS, betri ya akiba ya umeme, inayoweza kuizima kwa utaratibu, na hilo nalihesabu kuwa sehemu ya gharama ya mfumo.

Udhaifu mkubwa wa Express ni kwamba haina SQL Server Agent, ile sehemu inayoendesha kazi kwa ratiba. Nakala rudufu hazitajitengeneza zenyewe. Inabidi uandike hati fupi ya amri za sqlcmd na kuiwekea ratiba kwenye Task Scheduler ya Windows, kisha uhakikishe nakala inapelekwa nje ya jengo. Wapo waliosakinisha Express wakiamini kwamba neno seva lina maana ya usalama, na hawana hata nakala moja. Dosari nyingine ni kwamba msimamizi anahitaji kujifunza mambo mapya, zikiwamo haki za watumiaji, indeksi na masasisho, na mtu aliyezoea Access peke yake atahitaji muda na uvumilivu. Na endapo intaneti ya kituo imekatika kabisa, Express haisaidii. Kituo kinasimama, ndiyo maana kila kituo chetu kina laini ya simu ya mtandao wa pili.

Kwa mhasibu wa Njiro hatukutumia njia hii, na nadhani inafaa kueleza sababu. Kazi yake ni ripoti ndefu, majedwali makubwa ya Excel na marekebisho yanayogusa rekodi nyingi kwa pamoja, kazi ambayo ukiipunguza vipi bado inavuta data nyingi. Yeye huingia kwa Remote Desktop, njia ya kuitumia kompyuta iliyo mbali kupitia skrini yako, kupitia VPN, kwenye kompyuta yake mwenyewe iliyoko ofisini Moshi na inayoachwa ikiwaka. Kinachosafiri kati ya Moshi na Arusha ni picha ya skrini na mibofyo yake tu, ilhali data hazitoki ofisini. Faida ambayo ameifurahia kuliko zote ni kwamba laini ikikatika, ripoti aliyoianzisha huendelea kule Moshi, naye akirudi huikuta ilipofikia au imeshakwisha. Kompyuta inayoingiliwa lazima iwe na Windows Pro au zaidi, kwani toleo la Home halipokei maingilio hayo, na hupokea mtu mmoja kwa wakati.

Je, kwa nini vituo vyote visifanye hivyo? Kwa ofisi yenye fomu nyingi za zamani ambazo hakuna anayeweza kuziandika upya, hilo linaweza kuwa jibu bora kuliko SQL Server, kwa sababu programu haibadilishwi hata mstari mmoja. Lakini watu wengi kwa pamoja wanahitaji Windows Server na leseni za Remote Desktop Services kwa kila mtumiaji au kifaa. Windows Server peke yake huruhusu maingilio mawili kwa ajili ya usimamizi, na muda wa neema wa siku 120 ukishapita bila leseni hizo, watumiaji hufungiwa mlango. Nimesikia mafundi wakisakinisha mfumo na kuondoka ndani ya muda huo wa neema, na mteja akaja kugundua baadaye. Tena uchapishaji wa risiti kutoka kwenye kikao cha mbali kwenda kwenye printa ndogo iliyoko juu ya kaunta ya Mkuu unahitaji subira. Kama ilivyo kwa tundu la 1433, tundu la 3389 la Remote Desktop lisiwekwe wazi kwenye intaneti hata kwa siku moja. Ni mojawapo ya milango inayotumiwa sana na wale wanaofunga mafaili ya watu na kudai malipo.

Kuhusu kupeleka kanzidata kwenye wingu, nitasema machache. Vituo vya data vya Azure, huduma ya wingu ya Microsoft, vilivyo karibu nasi viko Johannesburg, na hata huko seva ingekuwa mbali na kila mtu badala ya kuwa mbali na baadhi. Fomu ambazo hazijapangwa upya zingezidi kuwa nzito, na safari hii hata ofisi ya Moshi ingeonja. Zaidi ya hapo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Kanzidata yetu ina majina, namba za simu na madeni ya wakulima. Mwenye kutaka kuhamia wingu azungumze kwanza na mwanasheria wake na asome maelekezo ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ndipo aanze kulinganisha bei.

Kwa ofisi yenye watumiaji wasio wengi, vituo vichache, programu ya Access inayoendana na kazi yao na mtu mmoja aliye tayari kuzigusa fomu, naipa SQL Server Express nyota nne kati ya tano. Nyota iliyopungua ni ya kukosa ratiba ya nakala rudufu, jambo ambalo kwa wafanyabiashara wadogo, walio wengi katika watumiaji wake, si dogo. Kwa ofisi isiyo na mtu wa namna hiyo, nashauri Remote Desktop yenye leseni halali. Na kwa ofisi ambayo watumiaji wake wote wamo kwenye jengo moja na wameunganishwa kwa waya, faili la Access lililogawanywa vizuri linatosha, na sioni sababu ya kumlipa mtu alihamishe.

Ukimwita fundi, iwe Moshi au Arusha, mwombe akupe bei ya mambo mawili yaliyotenganishwa: kuhamisha majedwali, na kupanga upya fomu zinazotumiwa na walio mbali. Akitaja la kwanza tu, muulize fomu ya wateja itavuta rekodi ngapi itakapofunguliwa kituoni. Mwambie afanye majaribio kutoka kituo chenye laini mbovu kuliko vyote, saa za kazi, huku karani wa kituo hicho ndiye aliyeshika kipanya. Kisha mwambie azirejeshe data kutoka kwenye nakala rudufu hadi kwenye kompyuta nyingine mbele ya macho yako, na ankara ya jana ionekane, kabla hujammalizia malipo yake.